Ukurasa wa Tano

Pale mahakamani kwetu kuna benchi moja refu linalotazama dirisha la masjala, na mimi ndiye mtu wa dirishani. Mwaka wa kumi na nne huu. Ukitaka nakala ya hukumu, ukitaka tarehe ya shauri, au ukitaka tu mtu wa kumfokea kwa sababu jalada lako halionekani, unakuja kwangu. Nimetukanwa na wenye suti na wenye ndala, na nimejifunza kujitia hamnazo. Kwa hiyo nikisema kuna siku niliogopa, sitii chumvi.

Habari yenyewe lakini si yangu. Ni ya afisa ustawi wa jamii wa mahakama yetu, mama mmoja mfupi, mnene kiasi, mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba. Chumba chake kiko mgongoni mwa masjala, tunatenganishwa na ukuta wa mbao tu. Sisi tulimwita Bi Kurasa, na jina hilo alilipata kwa haki. Wazazi wakiachana na kila mmoja akamtaka mtoto, hakimu humtuma yeye aende nyumbani kwao, aangalie wanavyoishi, kisha aandike ripoti. Maafisa wengine huandika kurasa mbili wakaenda zao. Yeye aliandika tisa, kumi, kumi na mbili. Alihesabu miswaki bafuni. Aliinama kuchungulia chini ya vitanda, na magoti yake yale mabovu. Alimwuliza mtoto, "Ukiota ndoto mbaya unamwita nani?" kisha akaandika mtoto alimtaja nani, na alikaa kimya muda gani kabla ya kumtaja. Mama mkwe wake, anayeishi naye, alimtania kwamba iko siku hata mchuzi wake utasomwa mbele ya hakimu.

Kilichomfanya awe hivyo alinieleza mara moja tu, tena akiwa amenipa mgongo. Mwaka wake wa kwanza kazini alitumwa kwa mjomba mmoja aliyetaka kumlea mtoto wa dada yake marehemu. Sebule safi, makochi yana vitambaa, mjomba mwenyewe mcheshi, maneno matamu. Bi Kurasa akaandika mstari mmoja: "Mazingira yanafaa kwa malezi." Baada ya miezi minne mtoto yule alilazwa hospitali, viganja vyote viwili vimeungua. Kumbe alikuwa akilazwa stoo, pamoja na majiko na mkaa.

"Stoo ilikuwa na mlango," aliniambia. "Niliuona. Sikuufungua."

Tangu hapo hakupita mlango wowote bila kuufungua, wala hakufungua mlango bila kuandika alichokikuta nyuma yake. Hakimu alizipenda ripoti zake, alisema akizisoma anahisi amekwenda mwenyewe. Na mimi nilizipenda. Mimi ndiye niliyezitoa nakala, na nilizisoma kwa wizi wakati wa chai, ukurasa mmoja mmoja, huku wateja wakinikodolea macho dirishani.

Sasa lilikuja shauri la dereva wa mkate.

Alikuwa mwanamume mtulivu, nguo zimepigwa pasi, sauti ya chini. Gari lake jeupe la mkate tulilijua sote, maana kwa miaka kumi na moja lilikuwa likizunguka mji mzima kila alfajiri kupeleka mikate madukani. Mkewe alikuwa mshonaji. Mume alimvunja mkono mara moja, kisha akauvunja tena ulipokuwa unaanza kupona. Mara ya tatu alimshika binti yao, mwenye miaka saba, akamning'iniza nje ya dirisha la ghorofani akimwambia mama yake achague, kutii au kumwona anaanguka. Mtoto aliporudishwa ndani, mama akachagua kukimbia naye. Mahakama ilitoa amri baba asiwasogelee wala asiwatafute, na yeye akatoka mle ndani, akasimama mbele ya benchi langu, akasema kwa upole kabisa, kama anayeagiza soda, "Mji huu hauna pa kujificha. Nitawapata."

Nilimsikia kwa masikio yangu. Mimi na Bi Kurasa tuliangaliana, na wala hatukutaniana siku hiyo.

Hata hivyo alidai apewe binti, na Bi Kurasa akatumwa walikojificha kuandika ripoti. Basi kwa mashauri ya namna hiyo tuna utaratibu wetu. Anwani ya anayejificha huandikwa ukurasa wa pili peke yake, bila kitu kingine. Nakala ya hakimu inabaki nzima. Nakala ya upande wa pili naichomoa ukurasa wa pili, nautia kwenye bahasha, naigonga muhuri na kuifungia kabatini. Baba ana haki ya kusoma ripoti, lakini anapewa inayoruka kutoka ukurasa wa kwanza kwenda wa tatu. Nimefanya hivyo mara nyingi mpaka vidole vimezoea.

Jumatatu moja saa tatu asubuhi dereva wa mkate alikuja dirishani. Nikampa nakala yake. Akashukuru. Akakaa kwenye benchi, akasoma pole pole, midomo ikicheza. Baadaye akarudi.

"Samahani dada, unaweza kuniazima kalamu?"

Kalamu yangu ina kifuniko chekundu, na simwazimi mtu, maana watu wa mahakamani huiba kalamu kuliko wezi wanavyoiba kuku. Lakini alikuwa ameomba kwa adabu. Nikampa. Alikaa nayo dakika chache, akairudisha, akasema, "Ahsante sana, dada yangu," akaondoka. Nikasikia gari lake likiwaka nje.

Bi Kurasa alikuwa ndani ya chumba cha mahakama tangu asubuhi kutoa ushahidi katika shauri jingine. Alitoka saa nne na nusu, akaja kwangu kuazima kikombe. Mimi nami, kinywa changu hakina breki, nikamwambia, "Yule baba wa mkate kachukua nakala yake. Mpole kweli leo. Hata kalamu niliyomwazima kairudisha."

Alikuwa ananyoosha mkono kuchukua kikombe. Mkono ukabaki hewani.

"Kalamu ya nini?"

"Ya kuandikia, ya nini tena?"

"Aliandika nini?"

Hapo ndipo nilipofikiri kwa mara ya kwanza. "Hakuandika," nikasema. "Alikuwa anapigia mistari."

"Ukurasa wa ngapi?"

Niliuona ukurasa ule kwa sababu alikuwa ameukunja na kuuweka juu ya goti, na juu yake ilionekana namba. "Wa tano."

Alinipita, akaingia masjala ambako afisa haruhusiwi kuingia, akatoa jalada mwenyewe, akavaa miwani. Nikasimama nyuma ya bega lake tukasoma pamoja. Nilikuwa nimeisoma sehemu hiyo wiki iliyotangulia, nikanywea chai, nikaona jinsi ilivyo nzuri. Ilisema hivi:

"Chumba ni kimoja, kimefagiwa. Dirisha linatazama mashine ya kusaga nafaka, ambayo bomba lake la moshi limepinda. Unga huruka mpaka kwenye daftari za mtoto na mama huzikung'uta kila jioni. Shule iko nyuma ya uzio. Hawana kengele, hugonga rimu ya gari, na mtoto ameacha kushtuka akiisikia. Ngazi za nje zimepakwa rangi ya kijani. Mtoto alinishika mkono tukazipanda, akazihesabu kwa sauti: ziko tisa. Aliniambia hizi ni ngazi zake."

Ukurasa wa pili ulikuwa kabatini, umefungwa, umegongwa muhuri. Na hapa palikuwa na nyumba nzima, imekaa wazi.

"Ukurasa wa tatu," Bi Kurasa alisema kwa sauti ambayo sikuijua. Akafunua. Pale chini ya *Kazi ya baba* alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba huyu bwana hupeleka mkate katika maduka mia moja na themanini na anaijua mitaa yote ya mji. Aliandika hayo, na kurasa mbili mbele akaandika bomba lililopinda. Na mimi nilisoma yote mawili, nikagonga muhuri.

Aliegemea kabati. "Nimempeleka," akasema. "Mdogo wangu, nimemshika mkono nikampeleka."

Mama yule hakuwa na simu. Aliitupa kwa sababu mara ya kwanza alipokimbia alipatikana kwa simu. Njia pekee ya kumfikia ilikuwa kwenda. Nikapiga simu kituo cha polisi, wakasema gari liko nje, likirudi watamtuma mtu. Nikauliza litarudi lini, aliyepokea akaniambia kwani mimi ndiye niliyelituma? Nikakata, maana ningemjibu.

Bi Kurasa alikuwa amekwisha kuchukua mkoba wake. Alifika mlangoni, akasimama.

"Siwezi kwenda."

"Huwezi vipi? Nenda! Tunasubiri nini?"

"Ananijua sura. Kama ameshafika mtaani lakini hajaipata nyumba, atamsubiri nani? Atanisubiri mimi. Nikienda mimi, nitampeleka mpaka mlangoni."

Hilo sikuwa nimelifikiria, na liliniogopesha kuliko yote. Nilikuwa nadhani kuna jambo la kufanya, yaani kukimbia, na sasa hata kukimbia hakufai. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa tano kasorobo.

Kisha akasema, "Tarishi yuko wapi?"

Tarishi wetu ni mzee mkavu mwenye pikipiki kuukuu na begi la turubai. Kazi yake ni kupeleka hati za mwito, zile karatasi zinazomwita mtu mahakamani. Miaka kumi na tisa anazipeleka. Hakuna anayefurahi kumwona, na hakuna anayeshangaa kumwona, maana kila mtaa una mtu anayedaiwa kufika mahakamani. Lakini tarishi haendi bila hati, na hati haitoki bila saini ya hakimu, na hakimu hatii saini bila kuelezwa kwa nini.

Bi Kurasa alivuta pumzi, akapiga moyo konde, akagonga mlango wa hakimu. Nilibaki nje nimeshika hati tupu. Nikamsikia akisema, "Mheshimiwa, nimekosea," halafu sauti ikashuka. Hakimu hakupayuka kama nilivyotarajia. Nikasikia kurasa zikifunuliwa. Aliponiita ndani, kalamu ilikuwa tayari mkononi. Alitia saini hati ya kuwaita mama na mtoto mbele yake siku hiyo hiyo, bila kuchelewa. Kitu pekee alichosema ni, "Niliisifu ripoti hii," na hakumwangalia Bi Kurasa wala mimi.

Tarishi aliusoma uso wa Bi Kurasa kabla ya kuisoma hati. "Mama, nitawaleta," akasema. Akafunga begi, akaondoka.

Kuanzia hapo tulisubiri. Watu wanasema kusubiri ni kazi rahisi. Waje wasubiri namna hiyo. Dirishani watu waliendelea kuja. Mmoja alitaka cheti chake cha talaka, mwingine alilalamika choo kimefungwa. Nyuma ya mbao nilimsikia Bi Kurasa akitembea, hatua nne kwenda, hatua nne kurudi. Mara alisimama. Nikaogopa zaidi aliposimama. Nikaenda kumchungulia, nikamkuta amekaa kwenye kile kiti kidogo cha watoto, karibu na boksi la midoli, mikono katikati ya magoti.

"Yule wa stoo," akasema, "niliandika kidogo mno. Huyu nimeandika mno. Niandike kiasi gani, eti?"

Nikamshika bega, nikarudi dirishani, nikampatia yule mtu cheti kisichokuwa chake.

Yaliyotokea huko alitusimulia Tarishi mwenyewe baadaye, na nitayasema kama alivyoyasema.

Alipokata kona ya mashine ya kusaga, kitu cha kwanza kukiona kilikuwa gari jeupe la mkate. Dereva alikuwa amesimama nje, ameegemea mlango, karatasi mkononi. Hakuwa anatazama nyumba. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa uzio wa shule, anasikiliza. Bomba lililopinda alishaliona. Lakini mji wetu una mashine kadhaa zenye mabomba mabovu, na hii ilikuwa ya tatu kuifikia. Alikuwa anangoja wabadilishe kipindi asikie kama ni kengele au ni rimu.

Tarishi alitaka kugeuza pikipiki. Akashindwa, macho yao yalikwisha kukutana.

"Mzee, wewe si wa mahakamani?"

"Ndiyo mimi."

"Umemletea nani hati huku?"

Hati ya mama na mtoto ilikuwa juu kabisa kwenye begi. Akaingiza mkono, akapapasa chini yake, akatoa karatasi nyingine yoyote. "Huyu mwenye mashine," akasema. "Kesi za mizani inayopunja hizi." Akaingia mle ndani, akamkabidhi mwenye mashine karatasi mbele ya macho ya dereva. Mwenye mashine akang'aka, unga umemjaa nyusi: "Mimi? Nimemfanya nini nani?" Tarishi akamwambia asaini tu, maelezo atayapata mbele ya safari. Alipotoka, dereva alikuwa pale pale, lakini mabega yameshuka kidogo.

"Mzee, wewe unazunguka kama mimi. Shule ya huku inagonga nini, kengele au rimu?"

Tarishi alitazama saa yake. Zilikuwa zimebaki dakika sita wagonge. Miaka kumi na tisa mzee yule hajawahi kumdanganya mtu kuhusu njia. Ni kama kiapo kwake, hata mlevi akimwuliza njia atamwelekeza vizuri.

"Hii ina kengele ya umeme," akasema. "Rimu? Labda ile ya ng'ambo ya reli. Pale kwenye mashine ya kusaga iliyo karibu na karakana. Bomba lake nalo limekaa upande. Nilipeleka hati pale mwezi uliopita, nyumba ina ngazi ngazi hivi."

"Za rangi gani?"

"Sasa rangi ya ngazi nitaikumbuka mimi? Kijani, sijui. Bluu."

Dereva alimtazama. Tarishi akajishughulisha na kifuniko cha tangi, akajikaza kisabuni, roho iko juu. Kisha yule bwana akasema, "Ahsante, mzee wangu," akapanda gari. Likakataa kuwaka mara ya kwanza. Likakataa mara ya pili. Mara ya tatu likawaka kwa kishindo, na lilikuwa linakata kona pale rimu ilipogongwa nyuma ya uzio, ko, ko, ko, watoto wakapiga kelele.

Tarishi alisema hajui kama dereva aliisikia. Hakungoja kujua. Alizipanda ngazi tisa kwa hatua tatu.

Walifika mahakamani saa sita na nusu kupitia mlango wa nyuma, wote watatu kwenye pikipiki moja, mtoto katikati na sare ya shule, maana Tarishi na mama walimtoa darasani. Bi Kurasa aliwaingiza chumbani mwake, akafunga mlango kwa funguo. Mama alikuwa bado na futi ya kupimia shingoni. Hakuuliza kitu. Mtu aliyekwisha kukimbia mara mbili haulizi.

Basi mimi nikarudi dirishani, nikashusha pumzi, nikainua macho. Dereva wa mkate alikuwa amesimama mbele yangu.

Uso ulikuwa na vumbi. Karatasi zake alizipanga vizuri kwenye kizingiti cha dirisha. "Dada," akasema, "nakala yangu ina upungufu. Haina ukurasa wa pili."

Nyuma yangu, umbali wa hatua tano na mbao nyembamba, nilisikia kiti kidogo kikikwaruza sakafu. Kiti cha mtoto. Naye alikisikia. Akatazama juu ya bega langu.

Nilianza kufoka. Nilimfokea yule mtu kama nilivyowahi kufokewa mimi: kwamba wanakuja hapa kila siku na malalamiko, kwamba namba za kurasa si mimi ninayezipanga, kwamba kama hataki nakala airudishe, kwamba wafagizi wanakokota viti kutwa nzima na mtu hapati hata kusikia mawazo yake! Nilipiga meza. Nilitupa muhuri. Benchi zima liligeuka kutazama, na askari wa mahakama akaja kuona kuna nini. Hapo ndipo Tarishi alipotokea nyuma ya askari, akamnyoshea kidole dereva, akasema mbele ya watu wote, "Huyu nimemkuta leo anawatafuta wale aliokatazwa kuwatafuta. Karatasi yenye mistari hiyo hapo." Askari alimshika mkono. Dereva hakupigana. Alinitazama tu, kwa upole ule ule, wakampeleka kwa hakimu.

Nilipoingia kwa Bi Kurasa kuwaambia, mama alikuwa anasoma ukurasa wa tano. Bi Kurasa alikuwa amempa mwenyewe. Alimaliza, akaukunja.

"Umeandika kweli tupu," mama akasema. Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Mtoto alikuwa amesimama katikati ya chumba. Watu wazima hudhani watoto hawaelewi. Akamwuliza Bi Kurasa, "Wewe ndiye uliyemwambia ziko tisa?"

Bi Kurasa alifungua mdomo.

"Nilikuambia wewe tu," mtoto akasema.

Jioni hiyo hiyo walihamishwa. Nilimwona Bi Kurasa akikung'uta daftari za mtoto moja moja, unga ukimwagika sakafuni, akizipanga kwenye mfuko, huku machozi yanamtiririka na wala hayafuti.

Dereva alikaa ndani miezi mitano kwa kuvunja amri, kisha akatoka, akarudishiwa gari lake la mkate. Nalisikia kila alfajiri nikiwa bado kitandani, na nakwambia sijawahi tena kulisikia nikapata usingizi. Na shauri la malezi lilikuwa bado linaendelea. Sheria inataka ripoti mpya, na baba ana haki ya nakala.

Bi Kurasa alikwenda huko waliko. Wapi, sijui, na sitaki kujua. Alirudi, akajifungia siku mbili, akatoka na nusu ukurasa. Kisha akamwita Tarishi, akamkalisha, akamsomea: "Nimewatembelea. Nimefungua milango yote. Mtoto analala, anakula, anasoma. Anamwamini mama yake."

"Ukisoma hii, utafika?" akamwuliza.

Tarishi alifumba macho, akazunguka mji mzima kichwani. "Sifiki, Mama."

"Na ungekuwa dereva wa mkate?"

Akafumba tena, muda mrefu zaidi. "Sifiki."

Hakimu aliirudisha kwa wino mwekundu: *Afisa aeleze zaidi kuhusu mazingira.* Bi Kurasa aliingia chumbani kwa hakimu akafunga mlango, akamweleza kwa mdomo saa nzima. Miswaki, kitanda, madirisha, kila kitu, nina hakika. Alitoka mikono mitupu. Ripoti ikabaki nusu ukurasa.

Wiki iliyopita dereva wa mkate alikuja kuchukua nakala yake. Nilimpa. Alikaa kwenye benchi, kisha akarudi dirishani.

"Samahani dada, unaweza kuniazima kalamu?"

Nilitaka kusema sina. Nyuma ya mbao, hatua zilikuwa zimesimama. Nikampa. Akakaa, akaiweka karatasi juu ya goti, akasoma. Akasoma tena kuanzia juu. Akaigeuza nyuma, nyuma ilikuwa nyeupe. Alikaa pale karibu nusu saa, kisha akaja, akaniwekea kalamu kwenye kizingiti, akaondoka bila kunishukuru.

Nilipoingia, Bi Kurasa alikuwa amebana mgongo ukutani.

"Amepiga mstari wapi?"

Nikamwonyesha kalamu. Kifuniko chekundu hakikuwa kimefunguliwa. Aliichukua, akaishika kwa mikono miwili, akakaa kwenye kiti kile kidogo cha watoto, na tukasikiliza pamoja mpaka gari la mkate lilipowaka na kwenda.